Sindano za Utosini

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipowaacha: nimejifungia bafuni, wigi linaoga kwenye ndoo, na mume wangu amesimama nje ya mlango akiuliza kwa upole wa kutisha, "Singa, Alhamisi huwa unakwenda wapi?"

Kwa aliyechelewa, mimi ni msusi. Hilo la Singa ni jina la utani, nilipewa enzi nywele zangu zikifika mgongoni na watu wakizisifu mpaka nachoka. Uongo, sikuwahi kuchoka. Nina saluni, na mlangoni nimetundika picha kubwa ya kichwa changu, ndiyo tangazo langu pekee. Picha bado ipo. Kichwa ndicho kilichobadili msimamo.

Nywele zilianza kuondoka mapanjani, polepole, kama wageni wenye adabu. Utosi nao ukaona usibaki nyuma. Nimeshawasimulia habari za mafuta ya yule mchuuzi, habari za maji ya vitunguu, na siku wigi liliponivuka juu ya pikipiki likamtua muuza magazeti begani. Sirudii. Mliocheka mlicheka, Mungu anawaona.

Na kabla hamjaniandikia tena: ndiyo, najua kuna hospitali, na najua kuna daktari wa ngozi aliyesomea. Tatizo ni kwamba hospitali nzima inasukwa kwangu. Muuguzi wa zamu namsuka mimi. Dada wa maabara namsuka mimi. Mke wa mganga mkuu hukaa kwenye kiti changu na kunimwagia siri za wagonjwa kabla hata sijamwagia maji kichwani. Mtu aliyezisikia siri za hospitali ile hapeleki yake kule.

Kwa hiyo siku ile nilipoikuta karatasi imesukumwa chini ya mlango wa saluni, imeandikwa "Sindano za kuotesha nywele. Damu yako, kichwa chako, siri yako," niliona nimeteremshiwa. Nikaenda. Alhamisi ya kwanza, ya pili, na zilizofuata.

Dawa yenyewe ni hivi. Unatolewa damu mkononi, inatiwa kwenye kichupa, kichupa kinaingia kwenye mashine inayozunguka na kuvuma. Ikitoka hapo damu imejitenga, nyekundu chini, maji ya njano juu. Yale ya njano unarudishiwa, lakini si yalikotoka. Unarudishiwa utosini kwa sindano, tundu kwa tundu, mpaka kichwa kizima kimepandwa kama shamba la kunde. Nasikia wako madaktari wanaojua kuifanya kazi hiyo kwa utaratibu wake. Sina ugomvi nao. Mimi nilikwenda kwa huyu.

Huyu alikuwa amepanga vyumba viwili juu ya duka la rangi. Koti jeupe, miwani, sauti laini. Alinitaka nivue blauzi isije ikachafuka damu, nijifunge taulo, nilale kwenye kiti cha kulaza. Akanipaka dawa ya ganzi, akasema itaondoa maumivu. Iliyaondoa kweli. Iliyatoa utosini ikayapeleka masikioni.

Mtaniuliza, msusi mzima, umeshika vichwa vya watu tangu ujana, uliaminije?

Nilimwona dada wa mapokezi. Jamani, nywele zile! Nyeusi, nzito, zimemshuka hadi kiunoni, amezifunga kisogoni kwa kitambaa. "Mimi nilikuja hapa kipara kuliko wewe," aliniambia siku ya kwanza, akinishika mkono. "Sasa niangalie." Nikamwangalia mpaka machozi yakanitoka.

Halafu kulikuwa na mto wangu. Zamani nikiamka naukuta umejaa nywele, maana hata nijifunge kitambaa vipi, usingizini kinanivuka. Lakini tangu nianze sindano, mto ukawa safi. Asubuhi nauangalia, hakuna hata unywele mmoja. Nikasema, hapa nimepata mwokozi.

Sasa mume wangu. Ni dereva wa lori, wenzake wanamwita Breki kwa sababu hana haraka na hajawahi kugonga hata kuku. Kwa kawaida yuko safarini. Lakini bahati yangu inajulikana: tangu nianze sindano, lori lake limelala gereji likisubiri kifaa cha injini, na yeye amelala nyumbani akinisubiri mimi. Akaona natoka kila Alhamisi. Akaona narudi na plasta kwenye kiwiko na uso uliovimba. Na kama hakuona, alikuwepo dada yake wa kumwonyesha.

Wifi yangu huyo mnamkumbuka. Mkubwa kwa Breki, hakuolewa kwa sababu, kwa maneno yake, wanaume wote wanatembea na tope. Ndiye mlinzi wa heshima ya ukoo. Hakuna harusi asiyoikosoa wala binti asiyempima urefu wa sketi. "Kaka," alimwambia mume wangu mimi nikisikia, "mwanamke anayetoka siku moja hiyo hiyo kila wiki hafuati chumvi."

Basi nikawa na njia mbili. Nimwambie mume wangu nina kipara, au nimwache aamini nina mwanamume. Nikapima, nikaona bora mwanamume.

Chekeni tu. Lakini niliogopa. Breki alinipenda akiwa kwenye benchi la saluni, akimsubiri dada yake huyo huyo nimsuke. Siku aliyoniposa alisema, "Sina maneno mengi. Naomba tu nizeeke nikiziangalia nywele hizo." Sasa mtu wa namna hiyo unamfungulia mlango wa bafu ukiwa umeshika nini?

"Nitakuambia," nikamjibu kupitia tundu la ufunguo.

"Lini?"

"Nitakuambia, mume wangu."

Akasema, "Jumamosi baba mdogo anakuja. Utatuambia wote." Na nyayo zake zikaondoka bila haraka, kama kawaida yake.

Kikao cha ukoo! Nikalivaa wigi likiwa bado bichi.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mwenye akili angekaa nyumbani. Mimi nikakimbilia sindano, nikijidanganya kwamba mvua moja ya mwisho ingeotesha kitu kabla ya Jumamosi.

Nimelala kwenye kiti, taulo kifuani, macho nimefumba, meno nimeuma. Daktari anachoma. Dada wa mapokezi ameinama ameshika taa ya kumulikia, ile ya shingo ndefu yenye skrubu inayochomoza.

"Sogeza taa kushoto," daktari akasema.

Akasogeza. Skrubu ikanasa nywele. Akavuta, ikakataa. Akavuta kwa nguvu, na kitu kizito, chenye joto, kikaniangukia kifuani.

Nikafumbua macho. Nywele zote za mapokezi zilikuwa zimelala juu yangu. Mwenye nazo kasimama na taa, kichwani kasukwa mistari midogo midogo, nywele zake mwenyewe zenye afya tele. Huyo ndiye aliyekuwa kipara kuliko mimi.

Ningeweza kupiga kelele. Lakini nilikuwa nimeona kitu kibaya zaidi. Wigi lilikuwa limeanguka kifudifudi, ndani nje, na kwenye ukosi wa kisogo kulikuwa na mshono mdogo wa uzi mwekundu.

Mimi kila wigi ninaloshona namalizia kwa uzi mwekundu, hapo hapo kisogoni, ndani, ili likirudi kwa matengenezo nijue ni langu na nisibishane na mteja. Ni wasusi wangapi wanafanya hivyo sijui. Nijuacho ni kwamba nililia machozi ya tamaa kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Hawakusema kwamba pia hajijui.

Na wigi lile nililikumbuka. Nilimshonea wifi yangu. Alilivaa mara moja harusini, kisha akaja na uso wa msiba kuniambia kalisahau kwenye basi.

Daktari akakohoa. "Tuendelee?" akauliza, bomba la sindano likiwa hewani.

"Umelitoa wapi hili?" nikamuuliza yule dada.

Dada wa watu akaanza kulia. "Usiliharibu, tafadhali! Si langu! Ni la mke wa daktari, atanifukuza!"

"Mke wa daktari?"

"Huyu anayemletea chakula cha mchana."

"Nyamaza wewe!" daktari akafoka, na ile sauti laini ikawa imekwisha.

Nilivaa blauzi nje ndani, nikajifunga kilemba, kichwa kikivuja njano. Nikatoka, nikakaa ngazini. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kumwona mtu akipanda na chakula.

Akapanda. Kabeba kapu, kavaa mtandio wa heshima, ananukia vizuri kuliko mtu anayechukia wanaume. Aliponiona, kapu likayumba.

"Wifi!" akasema. "Unafanya nini hapa?"

"Nakusubiri, wifi. Mumeo ana njaa."

Chini, muuza rangi akaacha kukoroga kopo lake.

Wifi akanishika mkono, akanivuta ukutani. "Punguza sauti!"

"Ile karatasi ya tangazo, nani aliisukuma chini ya mlango wangu?"

"Mimi. Nilitaka upone, wifi yangu. Niliona chanuo lako, nikakuhurumia."

"Ukanihurumia ukamwambia kaka yako nina mwanamume."

"Sikusema mwanamume! Nilisema unatoka. Mwanamume kajiongezea mwenyewe." Kisha macho yakamjaa maji, na sina hakika kama yale yalikuwa ya kuigiza. "Wifi, ukinitaja mbele ya baba mdogo nimekwisha. Miaka yote nimewasema watoto wa watu. Wataniweka wapi?"

Nikaonja kidogo utamu wa kuombwa na yeye.

"Tufanye hivi," akasema haraka. "Jumamosi mimi nitasimama, nitasema nilikosea. Nitasema Alhamisi tulikuwa tunakwenda pamoja kumwangalia mgonjwa, rafiki yangu. Wewe usinitaje. Mimi nakufichia kichwa, wewe unanifichia mume. Breki hatajua lolote."

Breki hatajua lolote. Maneno hayo matatu yakanimaliza. Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja nyumbani akasema kweli, yakaisha. Mimi nikampa wifi yangu mkono, na muuza rangi akarudi kukoroga kopo lake akiwa ameridhika.

Jumamosi ikafika.

Baba mdogo ni karani mstaafu wa mahakama. Hakuwahi kuwa hakimu, na jambo hilo halijamtoka. Aliketi kwenye kiti cha peke yake, akasafisha koo, akauliza kama pande zote zipo. Pande zote tulikuwa kwenye kochi moja: mimi, Breki katikati, wifi.

"Aliyeleta shauri aanze," akasema.

Wifi akasimama. Nikashusha pumzi. Nilimtazama kwa upendo, naapa, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Baba," akasema, "nilikuja hapa nikiwa tayari kusema nilikosea, nimfichie wifi yangu aibu. Nampenda. Lakini kaka ana picha."

Picha gani tena?

Breki akatoa simu, akaiweka mezani polepole. "Imeingia asubuhi," akasema. "Namba siijui."

Nilikuwa mimi. Nimelala, mabega wazi, taulo limeteremka, macho nimefumba, mdomo nimeuuma kwa meno. Mwanamume kaniinamia, mikono yake yote miwili kichwani pangu. Hapakuwa na sindano, hapakuwa na taa. Picha ilikuwa imekatwa vizuri na mtu mwenye mkono mtulivu. Kumbe uso wa mtu anayechomwa utosini, ukiukata panapofaa, ni uso wa mtu aliye kwenye raha zake.

"Astaghafiru..." baba mdogo akaanza, akavaa miwani ili asione vibaya.

"Mimi sina la kusema," wifi akasema, akajifuta macho yaliyokuwa makavu.

Nikamgeukia mume wangu. Hakuwa amekasirika. Laiti angekasirika. Alikuwa amechoka, kama mtu aliyeendesha njia ndefu akakuta daraja limevunjika.

"Singa," akasema, "niambie tu. Nikijua nitajua la kufanya."

Hapo ndipo nilipoona nitampoteza. Si kwa sababu ya kipara. Kwa sababu ya kukificha.

Nikashika kilemba, nikakivuta. Kikaanguka zuliani.

Mapanja matupu, utosi mtupu, na katikati vitundu vidogo vidogo vyekundu, vingine bado na magamba. Baba mdogo akavua miwani. Wifi, na hili nitamhesabia, alitazama chini.

"Huyo ni daktari," nikasema. "Ananichoma sindano za nywele. Ndiko ninakokwenda Alhamisi. Nimekuwa kipara, mume wangu. Nilikuficha. Ulisema uzeeke ukiziangalia, nami sina tena cha kukuonyesha."

Breki hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi.

"Kipara nakijua," akasema.

"Unakijua?"

"Singa, nalala na wewe kitanda kimoja. Kitambaa kinakuvuka kila siku. Unafikiri mimi ni gogo?"

"Mbona hukusema?"

Akajikuna shingo, akaona haya mbele ya baba yake mdogo. "Siku moja nilikuona umeshika nywele ulizoziokota kwenye mto, unalia. Hukuniona. Basi toka lori lilale gereji, naamka kabla yako. Naziokota mimi, naziweka mfukoni, nazitupa nje. Nilitaka ukiamka ukute mto safi."

Mto safi!

Wasomaji wangu, nimelia kwa mambo mengi katika hadithi hii, na mengi mlinicheka kwa haki. Hapo nililia mpaka baba mdogo akaahirisha shauri. Ule muujiza wa sindano, ule ulionifanya nirudi kila Alhamisi kutobolewa kichwa kama chujio, alikuwa ni dereva wa lori, kapiga magoti pembeni mwa kitanda, anaokota unywele mmoja mmoja kwa vidole vilivyozoea kushika usukani. Nikamwegemea bega lake, mbele ya watu, kichwa wazi. Akakiwekea mkono. Akakwepa palipochomwa.

"Kipara si kitu," akanong'ona. "Lakini usinifiche tena, mke wangu. Mwezi mzima nimejiuliza nimekukosea nini. Sitaweza tena. Hata mara moja. Kuna kingine nisichokijua?"

Nikainua macho. Ng'ambo ya bega lake nikamwona wifi. Amekunja mikono miwili kidevuni, midomo inacheza bila sauti. Sijui kama alikuwa ananiomba au ananitisha.

Nilikuwa na haki ya kumtaja. Nilikuwa na hasira ya kumtaja. Lakini kumtaja ni kusema pia kwamba juzi nilikaa ngazini nikapeana mkono na dada yake, tukapanga uongo wa mgonjwa asiyekuwepo. Ningemwambia hivyo wakati ule, mkono wake ukiwa kichwani pangu? Nikaona nitamwambia kesho. Nitamwambia vizuri, tukiwa wawili.

"Hakuna," nikasema.

Ni neno dogo hilo. Lilitoka kirahisi kuliko sindano.

"Basi shauri limekwisha," Breki akasema.

"Halijaisha," baba mdogo akasema, maana alikuwa amevaa suti. "Mtuhumiwa ametoa utetezi. Utetezi unahitaji ushahidi. Twendeni tukamwone huyo daktari, na aeleze kwa nini wake za watu wanapigwa picha kwake."

"Baba, haina haja..." nikasema.

"Haina haja kabisa," wifi akasema, na tangu nimjue hatujawahi kukubaliana haraka hivyo. "Mimi hata siwezi kwenda. Kichwa kinaniuma."

"Si ndiyo vizuri?" baba mdogo akamjibu, akitafuta funguo za gari. "Tunakwenda kwa daktari wa vichwa."

Niliinama nikiokota kilemba. Breki akanishika mkono. "Kiache," akasema. "Twende hivyo hivyo. Mwenye macho atazame."

Basi nikakiacha pale zuliani, nikatoka nje ya nyumba yangu bila kitu kichwani. Jirani aliyekuwa akianika nguo alibaki na shati mkononi. Nikamsalimia. Nilijihisi mwepesi, nilijihisi jasiri. Ujasiri wenyewe ulidumu mpaka gari liliposimama mbele ya duka la rangi.

Wifi alibaki ndani ya gari, mtandio umemfunika mpaka puani. Sisi watatu tukapanda ngazi. Mlangoni kulikuwa na kufuli. Kibao kilikuwa kimeng'olewa, ukutani yamebaki matundu ya misumari, yamejipanga vizuri kama ya kichwani kwangu.

"Hapa ndipo?" baba mdogo akauliza, na ile sauti ya mahakama ikamrudia.

"Ndipo, baba. Wallahi ndipo."

Tukashuka. Muuza rangi alikuwa kaegemea kaunta yake, rangi ya bluu hadi kwenye nyusi. Baba mdogo akajitambulisha kwa cheo ambacho hakuwahi kuwa nacho, akauliza habari za daktari.

"Kahama jana," muuza rangi akasema. "Kabeba mashine yake, kabeba kiti, hata taa. Mimi sijui kama ni daktari. Najua alikuwa anachoma watu, maana kelele nilikuwa nazisikia."

Akanitazama kichwa. Akatikisa chake kwa masikitiko.

"Umeona?" nikamwambia Breki. "Nilikuwa nasema kweli."

"Nilishakuamini," akasema, akanishika mkono. Ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimepona. Tulikuwa tumegeuka kurudi garini, na kama muuza rangi angekuwa na wateja siku ile, hadithi yangu ingeishia hapo nami ningerudi kusuka.

Lakini hakuwa na mteja hata mmoja. Akatutangulia, akainama dirishani mwa gari, akachungulia chini ya mtandio.

"Aa, shemeji! Kumbe uko humu! Mbona mumeo kaondoka hata kuaga hakuaga? Ufunguo wa vyumba kakuachia wewe?"

Wifi akauvuta mtandio mpaka machoni. Baba mdogo akawa kama mtu aliyesahau shitaka katikati ya kulisoma. "Mumeo?" akasema. "Mume wa nani?"

Muuza rangi akaona kuna jambo, na badala ya kunyamaza kama watu wengine, akataka kusaidia. Akageuka akaninyooshea brashi.

"Na huyu wifi yako mliyegombana naye pale ngazini Alhamisi, naona mmepatana! Nilifurahi mlipopeana mikono. Nikasema, mawifi wenye akili hao, hawaanikani."

Mkono wa Breki bado ulikuwa umeshika wangu. Nikausikia ukilegea. Hakuuvuta. Aliuachia tu, bila haraka, kama anavyofanya mambo yake yote.

Hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi.

"Singa," akasema. "Saa ile nilipokuuliza kama kuna kingine. Ulikuwa unajua?"

Mkono wangu ukapanda wenyewe kichwani, kukivuta kilemba nijifunike uso. Kilikuwa nyumbani, zuliani, pale aliponiambia nikiache.